Honda ya Bwana Shamba

Watu wanaokusanya pikipiki za zamani hawaanzi na tanki. Huinama kwanza, wakatafuta namba ya chesesi kwenye shingo ya fremu, kisha namba ya injini, wakazilinganisha na kadi. Baada ya hapo hutazama vichwa vya skrubu. Skrubu iliyolika mdomo inawaambia kwamba injini iliwahi kufunguliwa na mtu mwenye haraka, kwa bisibisi isiyo saizi yake, na yaliyotendeka humo ndani hakuna wa kuyadhamini. Niliyajua hayo mwaka jana nilipomtazama mgeni mmoja kutoka Nairobi akiizunguka Honda CG 125 ya baba mdogo, hapa Mabogini, Moshi, chini ya banda la bati lililojengwa kwa ajili yake tu. Mgeni alikuwa ametumwa na mtu mwenye mkusanyiko wa pikipiki za Kijapani za miaka ya sabini na themanini. Alipiga picha spidomita, vioo vya indiketa, siti yenye ngozi ya kiwandani, na mkoba wa spana ukiwa na spana zake zote. Mwishowe akasimama, akafuta mikono, akasema kwa heshima, "Mzee, hii haijaguswa."

Baba mdogo akamjibu taratibu, "Imeguswa kila Jumamosi kwa miaka kumi na minane, mwanangu."

Nataka kuziandika hizo Jumamosi, pamoja na siku za kazi zilizokuwa kati yake, kwa sababu kila sifa aliyoitaja mgeni ilitoka huko. Hakuna hata moja iliyotokana na kukaa bandani.

Pikipiki hiyo ilimfikia mwaka 1985. Anayeikumbuka miaka ile ataelewa kwa nini nyumbani kwetu mwaka huo unatajwa kama watu wanavyotaja mwaka wa ndoa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina ya nchi. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983, mwaka uleule Edward Sokoine alipowasaka wahujumu uchumi na watu wakawa wanafukia bidhaa mashambani usiku wasikutwe nazo. Sukari ilikuwa na foleni yake, sabuni foleni yake, tairi la baiskeli foleni yake. Chombo cha moto kilikuwa na kibali. Uliomba, ukasubiri, ukapita ofisi hii na ile, na pengine jina lako lilipita. Mtumishi wa serikali aliweza kupewa karadha ya pikipiki akakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Baba mdogo alikuwa bwana shamba kijana, ametoka chuoni si muda mrefu, na alikatwa hadi mtoto wake wa kwanza akaanza shule.

Mabogini wakati huo ilikuwa inachimbwa pande zote. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa kati ya 1984 na 1987 kwa mkopo wa Japani, na wataalamu wa JICA, shirika la misaada la Japani, walikuwa tayari Chekereni wakijaribu mbegu, mbolea na vipimo vya maji. Maji ya Njoro na Rau yakakingwa, yakaletwa kwa mifereji iliyojengewa hadi kwenye eneo la hekta 2,300, na kati ya hizo kama hekta 1,100 zilitengwa kwa mpunga. Ardhi ikasawazishwa na kukatwa upya, kila kipande mita 30 kwa mita 100. Baba yangu alipata kimoja. Mbegu ilikuwa IR54, iliyotoka kwenye kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga kule Ufilipino, fupi, ya shina gumu, isiyolala chini hata ikipigwa na upepo wa alasiri. Kabla ya hapo, mkulima aliyepata tani 2 kwa hekta alikuwa na cha kusimulia. Miaka ya kwanza ya mradi mavuno yalipita tani 6.

Watu wakisimulia mafanikio yale husema maji, husema mbegu, husema Wajapani. Mimi naongeza pikipiki, na nitaeleza kwa nini.

Mbegu ile haikutaka kubahatisha. Kitalu kilikuwa na siku zake, kung'oa miche kulikuwa na siku zake, kupandikiza kulifanywa kwa kamba yenye mafundo ili mistari inyooke palizi lipite. Urea ilikuwa na wakati wake, na kabla ya kuiweka ilibidi maji yapunguzwe jarubani. Ukikosea wiki moja, magunia kadhaa yamekwenda. Wazee wetu walijua mahindi, maharage, ndizi za kihambani na mpunga wa mabondeni uliokua upendavyo. Jambo hili lilikuwa jipya, na lilihitaji mtu wa kulirudia kila mara, pale pale kwenye tope, kwa kila mmoja. Mtu huyo hakuweza kwenda kwa miguu kutoka Rau ya Kati hadi Mabogini, Mabogini hadi Chekereni, Chekereni hadi Oria, akafika wakati miche bado ina rangi.

Kwa hiyo alfajiri tulisikia Honda. Mlio wake ulikuwa wa chini, wa kugonga polepole, unaopanda kwenye tuta la mfereji na kukatika ghafla. Kukatika huko ndiko kulikotuamsha sisi watoto, maana kulimaanisha bwana shamba amesimama kwa mtu. Alizima injini mapema kwa sababu petroli ilikuwa ya kupimiwa, akaisogeza kwa kusukuma hadi kwenye jaruba. Alivua viatu, akavifunga kamba na kuvining'iniza kwenye usukani, akaingia majini. Baba yangu alikuwa mkubwa wake kwa kuzaliwa, lakini jarubani ilikuwa, "Kaka, punguza maji hapa, miche imezama," naye baba anachukua jembe na kufungua tuta bila kusema neno. Jioni nyumbani cheo kilirudi mahali pake.

Ardhi ya Mabogini ni mfinyanzi mweusi. Wakati wa kiangazi inapasuka nyufa za kuingiza mkono. Wakati wa masika inanata hata miguu ya ng'ombe inaacha sauti. Tope hilo lilijaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka, na bwana shamba wetu alikuwa na kijiti cha mpera alichokichomeka kando ya siti, cha kuchokonolea. Wenzake wengine walikata madigadi kwa msumeno ili tope lipite. Yeye alikataa. Leo mgeni wa Nairobi anaisifu madigadi ile kwamba ni nzima na ya kiwandani, nami nakikumbuka kijiti.

Hapa inafaa kusema pikipiki yenyewe ilikuwa kitu gani, maana haikuja kwetu kwa bahati. Kabla ya CG, Honda walikuwa na CB 125, ambayo kamshafti yake ilikaa juu kwenye kichwa cha injini. Hiyo ni injini tamu kwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati na kukaza cheni kila wiki. Wahandisi wa Honda walikwenda kutazama nchi ambako pikipiki zao zilifanya kazi za punda: vumbi, joto, mizigo, abiria wawili na gunia, oili haibadilishwi hadi iwe lami, cheni inakufa kwa mchanga. Wengine wangeandika kitabu cha kuwaonya wenye pikipiki. Hawa walirudi kiwandani na kubadilisha injini. Mwaka 1976 wakaleta CG 125. Kamshafti imeshushwa chini, vali zinasukumwa na fimbo, kama injini za zamani zilivyokuwa. Sehemu zimepungua, na zilizobaki zinavumilia oili mbaya. Cheni ikafungiwa ndani ya kava zima la bati, na kwenye kava pana tundu lenye kizibo cha mpira la kuchungulia ulegevu wake. Kwa mtu anayepita kwenye tope la mfinyanzi kila siku, kava hilo peke yake lilikuwa sawa na mshahara wa mwezi.

Naliheshimu jambo hilo kuliko kasi yoyote ambayo Wajapani waliwahi kuitengeneza. Wakati kampuni zao zilipokuwa zikishindana kwa mashine zenye silinda nne na kuelekea kuuza huko kwao zaidi ya pikipiki milioni 3 kwa mwaka, kulikuwa na meza fulani ambapo watu walikaa wakifikiria mtu asiye na karakana. Japani ya leo haiuzi hata nusu milioni kwa mwaka. CG yenyewe bado inatengenezwa Pakistani, umbo lile lile karibu.

Turudi kwenye Jumamosi. Baada ya kahawa na ndizi za kuchoma, pikipiki ilitolewa uani na kusimamishwa kwa stendi ya kati chini ya mwarobaini. Maji yalitoka mferejini, yakaachwa kwenye ndoo hadi tope lizame chini, ndipo yakatumika, kwa tambara, kamwe si kwa kumwaga. Alianza na spoki. Kila spoki aliigonga kwa spana ndogo na kusikiliza. Iliyolia chini ya wenzake aliikaza robo mzunguko. Kisha plagi: ilifunguliwa, ikatazamwa rangi, ikasuguliwa kwa brashi ya waya, ikaoshwa kwa petroli kiasi cha kifuniko cha chupa. Kisha platini, alizozipitisha kipande cha msasa laini hadi nyuso zake zikutane sawasawa. Betri ya volti 6 iliongezwa maji. Kebo za klachi na breki zilidondoshewa oili kwa bomba la peni ya Bic lililokatwa, tone kwa tone, nasi watoto tukapewa kazi ya kuvuta na kuachia hadi oili itokee upande wa pili. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Mimi na binamu zangu tuligombana kwa ajili yake.

Vali alizirekebisha kwa nadra zaidi, na siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Alikuwa na fila, lile fungu la visahani vya chuma vyembamba, alilolinunua Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, baada ya mpaka kufunguliwa. Kwa CG nafasi ya vali ni 0.08 ya milimita, ikipimwa injini ikiwa baridi. Alikifuta kisahani kwa pindo la shati, akakipenyeza, akakivuta akiwa amefumba macho.

Nimewahi kumuuliza alijifunza wapi. Akasema kitabu kilichokuja na pikipiki, na mtaalamu mmoja wa Kijapani kule Chekereni ambaye kila jioni alisafisha jembe lake na kulipaka mafuta kabla ya kulitundika. "Nikajiuliza, huyu akirudi kwao ana majembe mangapi? Na bado analiosha hili." Lakini naamini sababu kubwa zaidi ilikuwa ya kwetu wenyewe. Spea hazikuwapo. Platini zikiungua, zinazofuata ziko Nairobi au Dar es Salaam, na pesa zake ziko mwezi ujao. Zaidi ya hayo, Jumatatu kuna mtu Oria ambaye kitalu chake kimefikisha siku, na ameambiwa bwana shamba atakuja. Ile ahadi ndiyo iliyokuwa ikiosha pikipiki.

Haikuwa ya majaruba peke yake. Familia nyingi za hapa zina mguu mmoja mlimani, kwenye kihamba cha ukoo, na mwingine huku tambarare. Honda ilipanda Uru na mpunga mpya, ikashuka na ndizi. Ilibeba barua za harusi na habari za msiba. Mdogo wangu wa kike alizaliwa hospitali ya KCMC, usiku wa masika, barabara ya kwenda mjini ikiwa imekatika karibu na Pasua. Baba mdogo alifungua riziva, akapiga kiki mara moja, mama akakaa nyuma na shangazi nyuma yake akimshikilia. Mama hakuwahi kuisema vibaya pikipiki ile maishani mwake, hata ilipomchafulia kanga za sikukuu.

Mambo yalianza kugeuka bila kelele. Mpunga ulipolipa, kila aliyekuwa na ardhi karibu na maji alitaka jaruba. Juu ya mradi na pembeni mwake wakulima walifungua mashamba yao kutoka mito ile ile, na nani angewalaumu? Walikuwa wameona. Kabla ya miaka ya themanini kwisha, maji yaliyofika chini hayakutosha tena. Eneo la mpunga likapungua msimu hadi msimu, zamu za maji zikawa ndefu, na usiku kwenye milango ya mifereji palikuwa na watu wenye tochi na mapanga wakilinda zamu. Kituo cha Chekereni kiliendelea na mwaka 1994 kikawa chuo, KATC, kinachofundisha wakulima wa mpunga kutoka nchi nzima. Hilo ni jambo la kujivunia, na mbinu zilizozaliwa kwenye tope letu zilifika Mbeya na Morogoro. Lakini bwana shamba wa kila siku alififia. Ajira za serikali zilibanwa. Ugani ukahamishiwa halmashauri. Fungu la petroli likawa dogo, kisha likawa la kudaiwa, kisha likaacha kutajwa. Baba mdogo alijaza tanki kwa mshahara wake kwa muda mrefu kuliko alivyopenda mkewe ajue.

Mwaka 2003 alihamishiwa wilaya nyingine, mbali, na Honda ikabaki. Mita ya kilomita ilikuwa imeshafika mwisho na kuanza upya kutoka sifuri. Aliporudi likizo aliiwasha, akaenda nayo hadi mferejini na kurudi, akaifunika. Banda la bati alilijenga alipostaafu.

Siku hizi barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC haina alfajiri ya kimya. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoipa pikipiki leseni ya kubeba abiria, bodaboda zimekuwa ndiyo ajira ya kwanza ya kijana yeyote asiye na shamba, na wenye mashamba pia. Nyumba zimeshuka kutoka Pasua hadi kwenye yaliyokuwa majaruba. Sidharau hata kidogo. Mama mjamzito wa leo hahitaji shemeji mwenye kibali cha mwaka 1985; anapiga simu, na baada ya dakika tano taa iko mlangoni. Kile ambacho mtaa mzima ulikuwa nacho kimoja, sasa kila kijiwe kina ishirini. Na Aprili 2022 kule Dodoma Rais Samia Suluhu Hassan aligawa pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima. Nilifurahi kama mtoto nilipoona picha za zile safu za pikipiki mpya. Niliwaza juu ya Jumamosi zake.

Kuna jambo ambalo vijana wa kijiweni hawajui na ningependa walijue. Nyingi kati ya pikipiki za Kichina za 125 na 150 zilizojaa nchini zimenakiliwa kutoka injini ya CG. Kamshafti chini, fimbo za kusukuma vali, kila kitu mahali pake. Hata zisizo za Kichina zilipitia kwa Wajapani: Boxer inatoka kwa Bajaj, ambao walijifunza pikipiki wakiwa pamoja na Kawasaki. TVS walianza na Suzuki. Kwa hiyo ile hekima ya kumfikiria mtu asiye na karakana haikufa. Iko chini ya mapaja ya kila bodaboda anayepita hapa, ikiwa na chuma chepesi zaidi na pengine bila lile kava la cheni.

Kilichobadilika ni muda ambao mashine inaruhusiwa kuishi. Kijana hana pikipiki, ana mkataba. Anapewa mpya, analeta hesabu kila siku, tuseme elfu kumi, kwa mwaka na ushee, ndipo kadi inakuwa yake. Kila saa anayoisimamisha ili aigonge spoki ni saa ya hesabu. Kwa hiyo haisimamishi. Anaendesha kilomita mia na zaidi kwa siku, oili anaongeza badala ya kubadilisha, na siku kadi inapokuwa yake, injini inavuta moshi na gia ya pili inaruka. Amefanya kazi ya mwaka mzima kununua kitu kilichokwisha. Baba mdogo naye alilipia Honda kwa kukatwa mwezi kwa mwezi, na ilipokuwa yake ilikuwa bado na maisha mawili mbele. Wote wawili walikopa. Sijaacha kufikiri juu ya tofauti hiyo, na kila nikiifikiri naikuta kwenye muda: yeye alipewa Jumamosi.

Mgeni wa Nairobi alitaja bei nzuri. Sitaitaja, lakini ni pesa ambayo bwana shamba mstaafu haidharau. Huko Nairobi kuna mashindano ya urembo wa magari na pikipiki za zamani, Concours d'Elegance, yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambapo majaji huinama hadi chini ya mashine na tochi. Mgeni alisema CG hii ingesimama pale bila aibu. Baba mdogo alimsikiliza hadi mwisho.

"Itaendeshwa?" akauliza.

"Siku za maonyesho, mzee. Siku nyingine itakaa ndani, itatunzwa vizuri sana."

Nilimwamini. Wakusanyaji wengi ni watu wenye mapenzi ya kweli, na bila wao vitu hivi vingeyeyushwa vikawa nondo. Miaka ya tisini nilishuhudia Honda na Yamaha za idara zikifa moja moja kwenye nyasi za nyuma ya ofisi, zikivuliwa kabureta leo, gurudumu kesho, hadi ikabaki fremu ambayo kuku walilalia. Kuna wakati Mabogini ingeweza kuwa na chumba kimoja chenye pikipiki ile, kamba ya mafundo, pawatila ya kwanza na daftari za zamu za maji, na watoto wa shule wakaambiwa hapa ndipo nchi ilipojifunza mpunga. Hatukuwa na chumba hicho, hatukumwomba mtu atujengee, na mtu wa kwanza kuja na tochi kutazama tulichokuwa nacho ametoka nchi ya jirani. Simlaumu yeye. Jibu la baba mdogo lilikuwa kwamba atafikiri, na bado anafikiri.

Wakati anafikiri, ana mwanafunzi. Kijana mmoja wa kijiwe cha karibu alipita na Mchina wake ukigonga kichwani, tik-tik-tik, na baba mdogo akamwita kutoka barazani. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Zima hiyo, iache ipoe." Waliketi, wakanywa chai, injini ikapoa. Kisha akamfungulisha kifuniko cha vali, akamwonyesha alama ya T kwenye sumaku, akaizungusha hadi ikae mahali pake, akampa fila ya Taveta mkononi. Kisahani cha 0.08 kilipita bila kugusa kitu; nafasi ilikuwa kubwa mara tatu. Wakalegeza nati, wakasogeza, wakapima. "Ikwaruze kidogo, isibane. Vuta tena. Umeisikia?" Kijana alivuta mara nyingi, naye akafumba macho bila kuambiwa. Walipoiwasha, kugonga kulikuwa kumekwisha.

"Mzee, hii inafanywa kila baada ya muda gani?"

"Kilomita elfu tatu."

Kijana akapiga hesabu kwa vidole. "Hiyo ni kila mwezi, mzee."

"Basi njoo kila mwezi."

Alikuja mwezi uliofuata, na uliofuata huo, akiwa na mwenzake. Mwezi huu hajaonekana. Nilipopita kijiweni kumuulizia, wakaniambia aliugua malaria akalimbikiza hesabu ya wiki nzima, na sasa anakimbiza abiria hadi saa sita usiku ili asinyang'anywe pikipiki ikiwa imebakiza miezi minne kuwa yake.